Kifaa Kilichojibu Bila Kuulizwa

Jumatatu saa mbili asubuhi, karani wa bohari kuu ya jeshi aliwasha kompyuta yake akakuta mafaili yote hayafunguki. Ratiba za misafara ya silaha zilikuwa zimeshanakiliwa na watu wasiojulikana. Juu ya kabati, kifaa kipya cha kulinda mtandao kiliwaka taa ya kijani, kimetulia kama vile hakuna lililotokea.

Kabla ya adhuhuri, sajenti aliyekipima kifaa hicho alikuwa rumande. Wenzake walimwita Kidole, kwa kuwa alichapa kwa kidole kimoja na bado akawaacha nyuma wote. Shtaka lilikuwa kuwapa watengenezaji wa kifaa siri za mtihani wake. Akitiwa hatiani, ni kifungo cha maisha.

Kanali, msimamizi wa mpango wa ununuzi wa haraka, alimwita Meja wa upelelezi ofisini kwake. Kanali alikuwa mjomba wa Meja, ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki.

"Nimekuomba wewe, mwanangu," alisema. "Maliza mapema. Kesi ikivuta watatufungia mpango, turudi kulekule kwa kununua vitu vinavyofika vimeshazeeka."

"Nitajitahidi, mjomba."

Wakainamisha vichwa wakasali, kama walivyozoea kila Meja anapoanza kesi.

Huko rumande, Kidole alikuwa anaangalia sakafu.

"Mashambulizi ya majaribio ulipewa lini?" Meja aliuliza.

"Ijumaa asubuhi, afande. Kanali aliyatunga peke yake, matano, akaniletea mkononi."

"Na kifaa?"

"Kililetwa Alhamisi, kikapigwa lakiri mbele yetu sote. Ijumaa nilikuta lakiri nzima."

"Sasa sakafu ina nini?"

"Shambulizi la nne halikuondoka, afande. Lilitungwa kwa ajili ya mashine za zamani, likagoma. Tulikuwa tunakimbizwa. Nikaogopa kuambiwa namchelewesha mkubwa, nikaliruka, nikanyamaza."

"Kwa hiyo ulirusha manne. Kifaa kilisema kimezuia mangapi?"

"Matano. Nikadhani kimekosea kuhesabu. Kusema kweli nilishukuru, kilinisitiri."

Meja alitoka, akafunga mlango taratibu.

Jumanne alimtembelea wakala wa kampuni iliyouza kifaa, mtu wa tai nyekundu na maneno mengi.

"Mimi ni muuzaji tu, Meja. Hata redio nyumbani ananiwashia mke wangu."

"Baada ya Alhamisi mlikigusa?"

"Nani aguse lakiri ya jeshi? Tulikileta kikiwa tayari, basi."

"Tayari kwa kitu gani?"

Wakala alijifanya anatafuta simu mfukoni.

Meja alikaa ndani ya gari bila kuliwasha. Aliyetoa siri aliitoa kabla ya lakiri ya Alhamisi. Kidole hakuwa nayo hadi Ijumaa. Alibaki mtu mmoja. Alimwomba Mungu amwonyeshe kwamba amekosea, akarudia ombi hilo mpaka midomo ikakauka.

Jumatano saa tatu asubuhi aliingia ofisini kwa Kanali akiwa na Kidole, askari wawili na kifaa kilekile. Kidole alikiunganisha na kompyuta ya majaribio.

"Rusha la kwanza," Meja alisema.

*Limezuiwa*, kioo cha kifaa kiliandika. Hapo hapo Meja akachomoa waya uliokiunganisha na kompyuta, akaushika mkononi. Chumba kizima kilikitazama kifaa. *La pili limezuiwa. La tatu. La nne. La tano.* Taa ya kijani ikawaka.

"Kinajibu bila kuulizwa," Meja alisema. "Kimekaririshwa majibu, mjomba. Hata lile la nne, ambalo Ijumaa halikurushwa kabisa. Na kabla ya Ijumaa, aliyekuwa na mashambulizi hayo ni wewe peke yako."

Kanali hakubisha. Alivua miwani.

"Nimezika vijana kumi na mmoja," alisema. "Adui alisoma mawasiliano yao wakati kifaa cha kuwalinda kilikuwa kinasubiri sahihi za kamati. Nikaapa sitasubiri tena. Kampuni hii niliiamini. Mtihani niliuona kikwazo tu, nikawapa mashambulizi mapema."

"Na Kidole?"

"Nikianguka mimi, mpango unakufa. Yeye..." Alishindwa kumtazama sajenti. "Yeye ni mmoja."

"Hata wale uliowazika, kila mmoja wao alikuwa mmoja," Meja alisema. "Wapelelezi wako wengi. Mimi ulinichagulia nini?"

"Kwa sababu mimi usingenitilia shaka."

Nje, lori lilipita likatikisa vioo vya madirisha. Meja alinyoosha mkono. Kanali akampa bastola yake, akauliza kwa sauti ndogo, "Tusali kwanza, mwanangu?"

Meja alimgeukia Kidole, akamwambia yuko huru, aende akampigie mama yake simu. Kisha akamjibu mjomba wake.

"Sali wewe. Mimi nitakungoja mlangoni."