Kitabiri Kilichopatia Mno

Mtahiniwa alipojibu swali la mwisho la jaribio la kumi, Kitabiri, mashine ya kubashiri alama, hakikumwacha hata ainuke kitini. Kilikuwa kimemtazama muda wote: jicho lilivyosita kwenye neno "kongosho", kidole kilivyoelea juu ya jibu la pili kabla ya kushukia la tatu, pumzi ndefu aliyovuta alipofika kwenye maswali ya kemia. Sekunde nne tu, na kwenye kioo cha meza ikatokea namba: 83. Wageni waliokuja kutembelea Taasisi ya Utabiri, jijini Dodoma, wakatazamana. Miezi miwili baadaye binti yule akafanya mtihani wenyewe, ule wa kuingia Chuo cha Udaktari, akapata 82.

Mgeni mmoja aliandika barua ya utani kuuliza ile alama moja imekwenda wapi. Mtu mwingine angecheka yakaisha. Nyamizi Kafuku, mhandisi aliyekiunda Kitabiri, aliacha chai yake ikapoa akaenda kuitafuta. Ndivyo alivyokuwa huyo mama, kitu kidogo kikimkereketa hawezi kula mpaka ajue.

Mwaka huo wa 2091 Dodoma ilikuwa na treni zinazoelea, mizabibu iliyopandwa ghorofa juu ya ghorofa, na hospitali ambamo upasuaji ulifanywa na mikono ya chuma. Ila sheria ilikataza mkono wa chuma kumgusa mgonjwa kabla daktari binadamu hajamwona na kusema haya, endelea. Kwa hiyo madaktari walitakiwa bado, na waliotaka kuwa madaktari walikuwa wengi kuliko viti. Alama ya kupita ilikuwa sabini. Anayetimiza miaka arobaini haruhusiwi tena kufanya mtihani.

Mitihani ya majaribio ilikuwepo tangu enzi za mababu. Mwalimu alikuonja kama mpishi anavyoonja mchuzi, akakisia. Kitabiri hakikukisia. Kilikupa majaribio kumi, wiki hadi wiki, kikajifunza unavyosahau na unavyokumbuka, kisha kikakupa namba yako. Ukishaipata, una hiari: uthibitishe kwamba utafanya mtihani, au ujitoe kimya kimya. Wengi walikishukuru kwa hilo. Kiliwaepusha na aibu, walisema.

Jumamosi moja Nyamizi alikuwa jikoni kwa kaka yake, anachambua mlenda na wifi yake Sikudhani. Sikudhani alikuwa mkunga kwa miaka kumi na sita, mwanamke wa maneno mengi, ila siku hiyo alichambua majani kama anayedaiwa nayo. Mwishowe akafuta mikono, akatoa simu, akaiweka mezani. Kwenye kioo palikuwa na namba 58.

"Una hii tangu lini?" Nyamizi aliuliza.

"Wiki tatu. Kaka yako hajui. Nataka kujitoa Jumatatu, ndiyo siku ya mwisho. Nikaona nikwambie wewe kwanza, maana hiyo mashine ni mtoto wako."

Sikudhani alikuwa na miaka thelathini na tisa. Hapakuwa na mwaka mwingine. Nyamizi alijua pia jambo ambalo wifi hakulisema: mara ngapi alisimama wodini na mama anayevuja damu, anajua la kufanya, anamsubiri daktari aje aseme haya, endelea. Mmoja wa akina mama hao hakuwahiwa. Tangu hapo Sikudhani alianza kununua vitabu.

"Kwani kimewahi kukosea?" Sikudhani aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana anauliza.

"Kinakosea kidogo kwa wale wa katikati. Wanaoambiwa watapata sitini na nane, au sabini na moja."

"Na sisi wa chini ya sitini?"

"Huko ndiko kinakopatia zaidi," Nyamizi alisema, na hakupenda ladha ya maneno hayo. "Tukisema huyu hatapita, hapiti. Tisini na tisa na nusu kwa mia."

Sikudhani aliinua kichwa. "Tisini na tisa na nusu? Wifi, sisi tarehe ya mtoto kuzaliwa hatuipatii hivyo, na tumbo tunaliona. Tunampa mama tarehe yake, mtoto anakuja siku anayotaka yeye." Akarudi kwenye mlenda. "Hicho chenu kinapatia mno. Mimi wodini kipimo kikipatia hivyo, nakirudisha stoo kikaangaliwe."

Alikuwa anatania, lakini utani ule ulimkaa Nyamizi kooni kama mwiba wa samaki. Katikati kinakosea, pembeni kinapatia. Kwa nini? Mtu wa alama 58 ana nini cha kumfanya atabirike kuliko mtu wa 68? Alikula mlenda bila kuusikia. "Usijitoe kabla sijakupigia," alimwambia wifi mlangoni.

Jumapili aliingia ofisini peke yake. Akakiagiza Kitabiri kimletee watu wote kiliowapa namba chini ya sitini kwa miaka kumi na moja. Walikuja watu 9,306, na mbele ya kila jina lilikuwepo neno la matokeo, kama lilivyoletwa na masjala. Watu arobaini walikuwa na neno "amechaguliwa". Waliobaki wote walikuwa na neno moja: "hakubahatika".

Hakubahatika, hakubahatika, hakubahatika, ukurasa hadi ukurasa. Nyamizi aliteremsha orodha mpaka macho yakamuuma. Halafu akamwona mtu mmoja, Gwakisa Mwaipaja wa Tukuyu, namba 59, hakubahatika, na penye alama halisi pako wazi. Akadhani ni kosa la uandishi. Akatazama wa juu yake. Pako wazi. Wa chini yake, pako wazi.

Akampigia Mzee Chidawali, aliyeongoza masjala kwa miaka ishirini na mitano. Mzee alikuwa anatoka kanisani, na alisikiliza kwa upole wake wa siku zote.

"Shikamoo mzee. Hili neno 'hakubahatika' unaliandika kwa nani?"

"Marahaba, mwanangu. Kwa ambaye hakubahatika. Ambaye hakupata nafasi."

"Aliyefanya mtihani akashindwa?"

"Ndiyo."

"Na aliyejitoa, hakufanya kabisa?"

"Naye si hakubahatika? Ungetaka niandikeje? Niandike kaogopa? Yule ni mtoto wa watu, ana wazazi, faili lake litasomwa. Tangu nianze kazi sijamwandikia mtu neno la kumfedhehesha."

Nyamizi hakuweza kumlaumu. Hata yeye angezungumza hivyo. Kwa Kiswahili cha mtu mwenye adabu, asiyepata mtoto hakubahatika, asiyeolewa hakubahatika, aliyefeli naye vilevile. Neno lile lilikuwa blanketi, kila mtu alifunikwa nalo asione baridi. Ila Kitabiri hakikujua adabu. Kilitabiri mtu hatapita, kikasoma hakubahatika, kikajiandikia vema. Mwaka uliofuata kilikuwa na uhakika zaidi, watu wakakiamini zaidi, wakajitoa zaidi, kikajiandikia vema zaidi.

Akaomba orodha za kusaini mlangoni, zile ambazo hazina adabu wala ufidhuli, zina majina tu ya waliokaa kwenye viti. Kati ya wale 9,306, waliosaini walikuwa 212. Elfu tisa na tisini na nne hawakuwahi kuiona karatasi ya maswali. Na wale arobaini waliochaguliwa walitoka ndani ya hao 212. Karibu mmoja katika kila watano.

Alimpigia Gwakisa. Alimpata juu ya tangi la maji, anatengeneza pampu, upepo unapuliza kwenye simu.

"Sikwenda, dada," Gwakisa alisema. "Ningeenda kufanya nini, na jibu nilikuwa nalo? Kwani vipi, ningepata?"

"Sijui, kaka yangu."

"Miaka sita nimekaa nikijua kwamba nisingepata," alisema, taratibu, bila ugomvi. "Nikatulia, nikaoa, nikajifunza pampu. Sasa unanipigia Jumapili kuniambia hujui."

Nyamizi alimwomba radhi, na alijua radhi ile haitoshi hata kulowesha kidole.

Jioni akawa tena jikoni kwa wifi. Alieleza yote, polepole, na Sikudhani hakumkatiza. Alipomaliza, Sikudhani aliuliza swali lilelile la Gwakisa.

"Kwa hiyo nitapita?"

"Sijui. Usichukue ule mmoja kwa watano ukauvaa. Wale 212 walikuwa wabishi, pengine wana kitu wengine hawana. Ninachojua ni kwamba ile tisini na tisa na nusu ni uongo wangu mimi. Chini ya sitini Kitabiri hakijui kitu."

"Miaka kumi na moja mnatuambia mnajua."

"Tulidhani tunajua, wifi. Nisamehe."

Sikudhani aliinuka. Kisha akachukua simu, na mbele yake, bila kukaa chini, akathibitisha kwamba atafanya. "Haya, nitolee maji ya kuogea watoto," alisema. "Mimi naenda kusoma."

Jumatatu Nyamizi alikizuia Kitabiri kutoa namba za chini. Kuanzia siku hiyo, kila aliyepata chini ya sitini aliona kwenye kioo neno "sijui" penye namba. Wakubwa wa taasisi walimwita mara tatu kumuuliza mashine gani inajengwa kwa mabilioni ili iseme haijui. Aliwajibu mara tatu kwamba ni mashine inayosema kweli. Wakamwacha, kwa muda.

Wiki tano zilipita, mtihani ukafanyika, matokeo yakatoka. Sikudhani alikuja mwenyewe ofisini, akiwa na sare zake za kazini, akaketi kwenye kiti cha watahiniwa. Nyamizi alikuwa ameshaona. Sitini na tisa. Kitabiri kilimpunja alama kumi na moja, na bado ilikosekana moja.

"Pole, wifi yangu," alisema.

"Nimeshapoa. Nililia jana." Sikudhani aliunyoosha ukingo wa sare kwenye magoti. "Nina swali moja la kitaalamu. Tangu nilipoiona ile hamsini na nane mpaka ile Jumapili uliyorudi jikoni, sikufungua kitabu. Nilisema cha nini. Wiki tatu nzima. Mtu kama mimi, wiki tatu za kusoma ni alama ngapi?"

Kitabiri kilikuwa na jibu la swali hilo, na safari hii lilikuwa jibu la kweli, limepimwa kwa watu maelfu waliofanya mtihani na alama zao kuonekana. Nyamizi hakuhitaji hata kukiuliza. Angeweza kusema sijui, na Sikudhani angemwamini.

"Nne," alisema.

Sikudhani alihesabu kwa vidole, kama anavyohesabu wiki za mimba. "Basi mimi nilipata sabini na tatu, wifi," alisema. "Nne umekula wewe."

Alisimama, akamgusa Nyamizi begani, akaenda zake wodini. Zamu yake ilianza saa nane.