Sekunde Saba za Ziada

Haya yalimpata rafiki yangu, mtengenezaji wa michoro ya video, na mpaka leo hapendi niyasimulie. Alikuwa anamalizia video ya kumbukumbu ya marehemu mama yake; ndugu wangeitazama saa kumi jioni. Mapazia alikuwa ameyafunga, chumba giza tupu, ili rangi zisimdanganye.

Kompyuta ilipojaa, akafuta mafaili aliyodhani hayatumiki. Mara tabaka la sauti, ule mstari wa sauti ndani ya mradi wa video, likaandika: faili halipo. Ndiyo iliyokuwa rekodi pekee ya sauti ya mama waliyokuwa nayo, sekunde kumi na mbili.

"We mtoto, usiniambie umemfuta mama!" dada yake alifoka mlangoni, macho kwenye yale maandishi ya skrini.

"Dada, tulia kwanza. Naitafuta."

Hakuiona popote. Aliporudi kwenye mradi, yale maandishi yalikuwa yametoweka, na tabaka lilikuwa na sekunde kumi na tisa. Akalichezesha. Mama akawasalimu wanawe, akacheka, akakohoa, kama siku zote. Kisha ukasikika mlio wa kiti, kilekile alichokuwa amekikalia rafiki yangu. Spika zikatoa sauti ya dada yake: "We mtoto, usiniambie umemfuta mama!"

Halafu mama, kwa sauti ya karibu sana, akajibu: "Mwache mdogo wako. Nipo."