Wino Uliofifia Katika Daftari la Mkunga

Mkunga mstaafu alikuwa na sanduku la bati lenye madaftari kumi na moja. Humo aliandika habari za kila mtoto aliyempokea kwa mikono yake kwa miaka thelathini: siku, saa, uzito, jina la mama. Kila asubuhi, baada ya kufagia na kunywa chai, aliyapangusa vumbi.

Jumanne moja alikuja fundi cherehani wa mtaa wa pili. Alihitaji cheti cha kuzaliwa, na ofisi ilikuwa imemtaka alete ushahidi wa maandishi. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Hakuwa na karatasi hata moja.

Mkunga alimkumbuka mama huyo. Daftari akalipata, ukurasa akaufungua. Wino ulikuwa umefifia kabisa. Palibaki vivuli tu.

"Pole, mwanangu," alisema. "Nilikuandika, lakini hapa hata mwenye macho ya mwewe hasomi kitu."

Jirani yake, mtunza maktaba, alipopata habari alimshauri waupige skani ukurasa ule. Mkunga akaguna. Miaka ya nyuma aliwahi kupeleka daftari moja mjini. Ukurasa mmoja ulimgharimu bei ya kuku, na nakala ikatoka nyeusi kama sufuria la kuni.

"Mama, mashine zile zilikuwa za enzi zile," jirani alisema. "Siku hizi hata simu yako inaweza. Twende."

Maktabani, wakiwa pamoja na fundi, waliliweka daftari mezani karibu na dirisha. Jirani alieleza huku akifanya. Ukurasa ulale sawasawa. Mwanga utoke pembeni, kivuli cha mkono kisiangukie maandishi. Alipobonyeza, simu iliunyoosha ukurasa uliopinda na kuondoa madoa. Kisha akaongeza ukolezi wa wino, kidogo kidogo.

Herufi zikaanza kujitokeza. Mkunga alishika ukingo wa meza. Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe!

Fundi aliinama akasoma polepole: tarehe, saa kumi na moja alfajiri, jina la mama yake. Chini yake palikuwa na mstari mmoja mdogo: "Mtoto kalia kwa nguvu. Mama kacheka."

Fundi aliusoma mstari ule mara ya pili, kisha ya tatu. Hakuwahi kuambiwa kwamba mama yake alicheka siku ile.

"Na bei?" mkunga aliuliza baadaye.

"Kwa simu, hulipi kitu. Ukitumia skana yetu, ukurasa ni bei ya andazi."

Jirani aliongeza mambo ya kuzingatia. Kila nakala isomwe kabla ya kugeuza ukurasa. Nakala zihifadhiwe mahali pawili, maana simu huibwa na huharibika. Daftari lenyewe lisitupwe. Na siri za watu zisitumwe ovyo.

Ofisi ililitazama daftari, ikaitazama nakala, ikamsikiliza mkunga. Wiki tatu baadaye fundi alipata cheti chake.

Sasa mkunga hupiga skani kurasa kumi kila asubuhi, miwani puani. Juzi alimwita jirani kupitia dirisha, sauti imempanda kama ya msichana.

"Nimefika daftari la saba! Njoo uone, nimepata mapacha watatu niliokuwa nimewasahau!"