Jina Lililobaki Bila Mtu

Kutafuna.

Saa saba za usiku, taratibu, mdomo wenye mate mengi... Nikadhani panya. Kumbe ni mwanangu. Amelala chali, macho kayafumba, anatafuna.

Nikampenyeza kidole mdomoni. Uji. Uji mwekundu wa sukari guru, umeshachacha, unavutika kama kamasi. Na mimi siku ile sikupika uji! Niliutoa wote, kisha nikatapika palepale kwenye mkeka.

Ngoja nianze jioni.

Nilikuwa naanua nguo, magharibi inaingia, akaja shemeji yangu Jati na kompyuta kwapani. Jati anatengeneza michezo, peke yake, hapahapa mjini kwetu Salatiga.

"Shem, nichezee huu, uniandikie maoni ya mwanzo. Wewe huna huruma, utanisema ukweli."

"Mchezo gani?"

"Unakuwa mungu. Ila huwaamrishi watu. Unawapa ishara tu: upepo, mvua, ndoto. Wao wanakisia unataka nini."

"Kama mimi na kaka yako," nikamwambia. Tukacheka.

Mchezo ukaniuliza jina la mungu. Hapo ndipo nilipokosea.

Mwanangu alipozaliwa tulimpa jina kubwa, la kifalme. Akaugua miezi minane, homa haishuki. Mama mkwe akasema jina limemwelemea, mtoto hawezi kulibeba. Tukapika uji mwekundu na mweupe, tukaita majirani kama mila yetu, tukambadilisha jina, akawa Beja. Akapona! Lile jina la kwanza likabaki hivyohivyo, halina mtu. Nikaona zuri, linapotea bure.

Nikaliandika.

Na mchezo niliupenda, nisidanganye. Watu wadogo kama punje za mchele. Nashusha mvua, wanacheza. Navumisha upepo, wanakimbilia majikoni. Wakaweka uji mwekundu kwenye bakuli juu ya jiwe, wakatazama juu, wakasubiri. Nikamlaza mtoto, nikarudi kucheza mpaka usiku.

Sasa nimetoka kutapika, nageukia kompyuta...

Bakuli tupu.

Nikapiga radi. Acheni! Lakini hakuna pa kubonyeza uwaambie watu waache. Wakaanguka kifudifudi, halafu wakainuka mbio. Wamekisia nina njaa zaidi. Wakaleta kuku, mbichi, na manyoya yake.

Nyuma yangu Beja akakohoa. Unyoya ukamtoka mdomoni, umelowa, una damu.

Nikazima kompyuta. Giza.

Kutafuna kukaendelea.

Nikamwamsha mama mkwe. Aliingia, akanusa, akaziba pua.

"Umemwita nani humo ndani, nduk?" Nduk ni binti, huniita hivyo akiwa mpole; mimi humwita Ibu, mama. Safari hii hakuwa mpole.

"Jina la zamani, Ibu. Nilidhani halina mtu."

"Halina mtu? Jina lile linamjua mmoja tu!" Alinong'ona. "Mtoto umri huu, unaweka jina lake kwenye mashine kama sufuria ya kuazimisha!"

Nikawasha tena, nikimweleza ishara zile: upepo, mvua, ndoto. Kijiji kizima kiko kwenye jiwe. Mbele yuko mwanamke kambeba kichanga kwa kitambaa. Hakuwa analia. Alikuwa anampangusa uso, vizuri, kama unavyompangusa mtoto anayekwenda kusalimia wakubwa.

Beja akafungua mdomo.

"Waoteshe!" mama mkwe akanisukuma. "Waoteshe uji. Mwekundu na mweupe."

Nikatupa ndoto. Mabakuli mawili. Wakalala palepale walipo, wakaamka, wakatazamana. Kichanga wakakilaza juu ya jiwe, wakaenda kupika. Walielewa. Jati aliwatengeneza kwa mila zetu, hata kubadilisha jina wanajua.

Kidirisha kikafunguka. Jina jipya la mungu.

"Andika lolote, nduk, andika!"

"Lolote ni la mtu, Ibu."

Kichanga kimeanza kurusha miguu. Wale wanarudi na mabakuli yao. Na mwanangu bado kaachama, ute unamtiririka shavuni.

Nikaandika jina langu.

Beja akafunga mdomo. Akageuka ubavu, akalala kama mtoto yeyote. Mama mkwe akachukua kitambaa. Alimpangusa, akamfunika, na hakunitazama usoni.

Kulipokucha Jati akapiga simu.

"Vipi, shem? Maoni! Au umeogopa vikatuni?"

Nilitaka kumwambia aufute, asimpe mtu yeyote. Sikuweza. Mdomo ulikuwa umejaa. Kitu laini, cha moto, chenye nywele chache... kinanuka maziwa.

"Shem? Uko?"

Nikameza.

Mama mkwe anajua. Sasa na wewe unajua. Naapa kwa uhai wa Beja, sitamwambia mtu mwingine.