Kamba ya Jua Ilitanguliza Kaskazini

Simu ya Gideon ililia mara moja tu.

"Jua limesokotwa," sauti ya Mkuu ilisema.

"Wamemeza chambo?"

"Wamemeza. Ila wamemchukua Dokta Armelle awe dhamana. Utabiri ukikosea, wanamuua."

Gideon, jasusi asiyeshindwa, alikimbilia ziwani. Ujanja mwingi, mbele kiza.

Kamba nene ya sumaku ilikuwa imeng'oka juani, imesokotwa kama uzi, inakuja duniani. Ikitanguliza upande wake wa kusini, inafungua ngao ya sumaku ya dunia. GPS zinayumba, droni ya doria inapotea. Ikitanguliza kaskazini, inapita kimya. Armelle Nizigama, anayepima jua pale Mwandiga, aliandika kaskazini. Gideon akabadilisha kuwa kusini bila kumwambia, akawaacha wauza silaha waibe utabiri huo. Alitaka wavuke ziwa wakidhani droni ni kipofu.

Na sasa Armelle angekufa kwa uongo asioujua.

Ufukweni Kibirizi, wakati wa magharibi. Mwezi mpevu ulishachomoza, mitumbwi yote imelala mchangani. Boti moja tu ilikuwa inapakia karabai.

"Wageni hao," alisema Marsiana, akianua dagaa wake. "Nani avue dagaa mwezi ukiwaka? Dagaa watafuata taa gani?"

"Shikamoo, mama. Kuna mwanamke ndani?"

"Marahaba. Ego, yupo. Wamemfunika kanga, eti mgonjwa."

Gideon alivua viatu, akajitwika sanduku la karabai, akaingia majini kama mchukuzi. Bastola yake, Glock, ilikuwa chini ya shati.

Droni ikavuma juu yao.

Oswald, bosi wa boti, akaitazama GPS yake. Ilikuwa imetulia. Akamwelekezea Armelle bastola.

"Ulisema kusini."

"Niliandika kaskazini," Armelle alijibu. "Sijawahi kudanganya kipimo."

Sanduku likatua kichwani mwa Oswald.

Wenzake wawili walipogeuka, walikuta mdomo wa Glock. Chini ya karabai, sandukuni, zilijaa bunduki.

Polisi walioongozwa na droni walipofika kuwachukua, Armelle alimtazama Gideon.

"Nani alibadilisha?"

"Mimi. Nisamehe."

"Kwa nini hukuniomba?"

"Ungekataa."

"Ndiyo maana mtu huombwa."

Akampa kisogo, akamwomba polisi lifti ya Mwandiga. Kamba ilikuwa bado inapita, alitaka kuandika upande wake kwa mkono wake mwenyewe.

Simu ililia. "Kazi safi," Mkuu alisema.

Gideon alikata simu. Akavaa miwani yake ya jua, ingawa jua lilishazama, akapita katikati ya wanika dagaa taratibu, viatu mkononi. Hakutaka mtu amwone macho.