Mwenyewe Yumo

Msusi ndiye aliyeuona kwanza ukitoka jasho.

Ulikuwa umesimamishwa nyuma ya mlango wa sebule, mkuki mrefu wa mti mweusi wenye chuma kipana, na matone yalikuwa yakiteremka kutoka kwenye ncha hadi kwenye mpini, taratibu, kama jasho la mtu aliyetoka kulima. Alimwita mumewe.

"Hebu njoo umwone mlinzi wako. Analia."

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, na mtaa mzima ulimwita Baridi. Alikuja na mswaki mdomoni, akatazama, akacheka. "Chuma kikiwa cha baridi na hewa ina unyevu, lazima kitoe jasho. Hata friji hutoka jasho. Usiniharibie asubuhi."

Akaenda kusukutua. Msusi akanyoosha kidole akagusa. Chuma hakikuwa cha baridi. Kilikuwa na joto la paji la uso la mtu mwenye homa. Alijifuta kidole kwenye gauni, lakini harufu ilibaki, harufu ya ngozi ya mnyama iliyolowa mvua.

Mkuki uliletwa kwa sababu ya wezi. Walikuwa wamevunja kwa muuza mkaa, wakamkata mkono alipojaribu kuwazuia, kisha wakaingia kwa Baridi wakabeba televisheni pamoja na mashine ya msusi ya kukaushia nywele. Polisi walitazama dirisha lililovunjwa, wakasema watafuatilia. Basi kila mwanamume akajitafutia silaha yake. Muuza mkaa akalaza panga chini ya mto. Mwalimu wa nyumba ya pili akachonga rungu. Mzee mmoja akatoa upinde ambao hakuna aliyejua kama yeye mwenyewe angeweza kuuvuta. Watu wakawa wanataniana kwamba siku hizi ukipiga chafya gizani unachomwa mshale.

Baridi akakumbuka mkuki wa mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyefariki peke yake katika nyumba ambayo haikuwahi kuibiwa hata kijiko. Mama yake, aliyekuwa akiishi nao, alimkataza.

"Uache ulipo, mwanangu. Kaka yangu hakuibiwa, ni kweli. Lakini pia hakutembelewa. Mkewe alikwenda kuuguza mtu kwao, aliporudi hakuingia tena ndani. Watoto wakija wanaishia uani."

"Mama, mjomba alikuwa mkali tu."

"Mkali? Kaka yangu alikuwa mpole kama maji ya mtungi. Ndiyo maana nakwambia uuache."

Baridi hakusikia la mkuu. Aliuleta juu ya kapu la vifaa vyake, akausimamisha nyuma ya mlango, akaupiga kofi la kirafiki. "Haya bwana. Nyumba nimekukabidhi."

Mwanzoni ulifaa. Usiku walisikia mti ukigonga sakafu, kimya kidogo, ukigonga tena mbele zaidi, kama mtu mzito anayetembea akiegemea fimbo. Baridi alisema ni mabati yanajikunja. Kisha asubuhi moja wakamkuta mwizi amekaa nje ya geti, nondo yake ya kuvunjia ikiwa mapajani, hana hata nguvu ya kukimbia. Meno yalikuwa yakigongana. Shati lake lilikuwa limechanika, na kifuani alikuwa na mstari mrefu mweupe, mgumu, kama nyama iliyotolewa kwenye barafu.

"Nilimwona mwenye nyumba," alisema. "Alisimama pale mlangoni."

"Mimi nilikuwa nimelala," Baridi akasema.

Majirani wakapiga makofi. Mama yake Baridi peke yake hakupiga. Alirudi ndani akamvuta mjukuu wake karibu, msichana mdogo waliyemwita Kasuku kwa sababu kila alichosikia alikirudia.

Msusi aliwasukia wateja wake palepale sebuleni. Mteja wa kwanza aliyekuja baada ya yule mwizi alifika kizingitini, akasita, akasema amekumbuka ameacha jiko linawaka. Mwingine alikaa, akainamisha kichwa, lakini mabega yake hayakutulia. Mwishowe alinong'ona, "Dada, mume wako mbona hasogei pale?"

"Pale wapi? Mume wangu yuko kazini."

 Mteja alinyanyuka polepole, macho yake yakiwa mlangoni, akapita ubavu ubavu kama anayempisha mtu, akatoka. Alivuka mtaa mzima na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama, na katika mtaa ule ambao watu hucheka hata kikohozi, hakuna aliyecheka.

"Urudishe ulikoutoa," msusi alimwambia mumewe jioni ile. "Leo."

Baridi aliushika mkuki kwa mkono mmoja. Kisha kwa miwili. Mwanamume aliyezoea kubeba friji mgongoni ngazi hadi ngazi aliuvuta mti ule mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na haukusogea. Ulikuwa kama umeota mizizi kwenye saruji. Aliuachia, akajifuta viganja, akaepuka macho ya mkewe.

"Kesho nina safari, chumba baridi cha machinjio kimekufa na nyama inaoza. Nikirudi nitaleta watu tuutoe."

"Usiende."

"Nikikaa, nitafanya nini?"

 Msusi akamfungia mkate wa njia.

Baridi alirudi mchana kweupe, jua likiwa utosini. Msusi, mama mkwe na Kasuku walikuwa mezani wanakula. Walisikia geti, wakasikia kapu la vifaa likitua chini, wakasikia kikohozi chake.

"Hodi wenyewe! Nimerudi!"

Msusi aliweka kijiko chini. Kabla hajanyanyuka, sauti ilijibu kutoka nyuma ya mlango, hatua chache tu kutoka mezani, na ilikuwa sauti ya Baridi, na mkwaruzo wake ule ule, na kikohozi kile kile.

"Nani?"

 Nje, Baridi akasema kwa wasiwasi kidogo, "Ni mimi. Nani huyo?"

"Hatumjui mimi. Mwenyewe yumo."

Kasuku akarudia kwa sauti ndogo, "Mwenyewe yumo," na bibi yake akamziba mdomo kwa kiganja.

Msusi alisimama, akaenda mlangoni, kwa sababu mumewe alikuwa nje akiliita jina lake la ndani, lile ambalo hakuna mwingine anayelijua, na alipolifikia komeo mkono wake ulikutana na kitu kilichokuwa mbele ya komeo, kitu asichokiona, kipana, chenye joto, chenye kupumua, na harufu ya ngozi mbichi ikamjaa puani mpaka macho yakamtoka machozi, na mkuki ukashuka wenyewe kutoka ukutani, bila haraka, kama mtu anavyonyoosha mkono kumzuia mtoto asivuke barabara, ukalala mbele ya kifua chake na kumrudisha nyuma, hatua kwa hatua, kwa upole, hadi kwenye kiti chake.

"Kula," ile sauti ikasema. "Chakula kinapoa."

Baridi alizunguka kwenye dirisha la jikoni. Aliliinua pazia, akamwona mkewe, akamwona mama yake, akamwona binti yake ameshikilia kitambaa cha meza, na akaingiza mguu mmoja. Ndipo kitu kikampitia kifuani. Hakuona mkono wala ncha. Alijikuta chini uani, shati limechanika, na mstari mweupe mgumu kutoka bega hadi ubavu. Hakutoka hata tone la damu. Ilikuwa baridi tu, naye alikuwa mtu aliyeishi na baridi, lakini baridi kama ile hakuwahi kuishika mkononi.

Majirani walikuja na silaha zao zote. Muuza mkaa na panga, mwalimu na rungu, mzee na upinde wake. Walisimama uani jua likiwachoma, kila mmoja akimtazama mwenzake atangulie, na kila aliyepiga hatua kuelekea kizingitini alisikia mti ukigonga sakafu ndani, mara moja, na mguu wake ukarudi ulikotoka. Mzee alijaribu kuvuta upinde. Uzi ulikatika. Mwishowe waliketi ukutani kama watu waliokuja kuzika.

Askari nao waliitwa. Wakagonga geti. Sauti ya Baridi ikawajibu toka ndani, kwa heshima, kwamba hakuna tatizo, ni mambo ya kifamilia. Askari mkubwa akamtazama Baridi aliyesimama kando yake midomo ikitetemeka. Akautazama mlango. Akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Kulipokucha akaletwa mama mmoja wa tiba, mnene, mwenye mafua, leso imekunjwa mkononi. Aliomba kigoda, akakaa mbele ya mlango kama aliyekuja kuposa.

"Wewe uliyemo, ni nani?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba yuko hapa nje, hajala tangu jana."

"Huyo alinikabidhi," sauti ikasema. "Mtu akikukabidhi nyumba, kisha akafunga safari, nyumba ni ya nani?"

Tabibu alipenga kamasi, akafikiri. "Basi wape ruhusa wanawake watoke. Baki na nyumba."

"Mlinzi bila watu ni mti tu. Wakitoka, nitatoka nao. Watakapolala nitasimama. Nitawalinda mpaka wazeeke."

Aliongea naye tangu alfajiri mpaka kivuli cha nyumba kikajikusanya ukutani. Alimsomea, akamnyunyizia maji, akamtisha, akambembeleza, na kila mara alijibiwa bila ukali. Mwishowe alimwita Baridi pembeni, akashusha sauti.

"Nimetoa jini mwenye hasira. Nimetoa mwenye njaa, nimetoa mwenye wivu. Huyu hana hasira, baba. Anawapenda waliomo ndani. Sina dawa ya hilo."

Maneno yale yalipita dirishani. Ndani, mama yake Baridi aliyasikia. Alikuwa amekaa usiku kucha na Kasuku mapajani. Akajisafisha koo, akazungumza na ile pembe ya nyuma ya mlango kama anavyozungumza mtu na dereva asiyemjua.

"Akibaki mmoja, anatosha?"

Mti ukagonga sakafu.

"Anatosha."

"Mama, hapana," msusi akasema. "Mama, usi—"

"Nyamaza, binti yangu. Wewe una mtoto wa kulea. Mimi nina goti la kuuguza tu, na goti linaugulika popote." Akamkabidhi mtoto. "Ulikuwa mkuki wa kwetu. Pita. Usigeuke."

Komeo lilijifungua. Msusi alipita na mtoto kifuani, macho kayafumba, na katika kizingiti, pale harufu ilipokuwa nzito kuliko pote, alihisi kitu kikimshika mtoto kola ya gauni, kikaikunjua, kikailaza vizuri, kama baba anavyomtengeneza mwanawe kabla ya kwenda shule. Kisha jua likampiga usoni. Baridi akampokea, akaanguka naye chini, wakalia wote watatu mbele ya watu.

Mlango ukafungwa. "Nenda ukale, mwanangu," mama yake akaita kutoka ndani. "Umekonda."

Walihamia upande wa pili wa mji, chumba na sebule juu ya duka la viatu. Msusi akaanza kusuka upya, wateja wakarudi. Kila siku kabla ya kazi Baridi alipeleka kikapu cha chakula, akakiweka kizingitini, akasogea hadi getini. Mlango ulifunguka kidogo, mkono wa mama yake ukakichukua. Kisha walizungumza kupitia dirisha lililofungwa pazia. Alilalamika chumvi imezidi. Aliuliza nani kazaa, nani kafa. Tabibu alikuwa amewaambia kwamba maadamu yupo mmoja ndani, mlinzi hatatoka, na Baridi aliyashika maneno hayo kama mtu aliyeshika kamba kisimani.

Mvua zilikuja zikapita. Siku moja alimuuliza lile aliloshindwa kuliuliza siku zote.

"Mama, unamwogopa?"

"Hapana. Hana maneno mengi. Ananifunika nikilala." Kijiko kiligonga bakuli. "Jioni hutaka habari zenu tu. Ananiuliza Kasuku amefika urefu gani."

Baridi alihisi ule mstari kifuani ukigutuka. "Mwambie bado mdogo," alisema haraka. "Mwambie amepelekwa mbali, kwa ndugu wa mama yake. Hakai nasi tena."

Kijiko kikatulia. Mama yake alilisogelea pazia, sauti imekuwa ya mtu anayeogopa kusikiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Usimdanganye, mwanangu. Anasema jana mtoto alilala na gauni la kijani, na dirisha lenu halifungi vizuri. Anasema usihangaike na fundi. Yeye yupo."

Baridi alisimama getini, kikapu kitupu cha jana mkononi. Mkewe na mtoto walikuwa upande wa pili wa mji, na mama yake alikuwa nyuma ya pazia lile, na hakujua akimbilie wapi.