Chane la Kwanza

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, Elodie alikwenda kwanza nyuma ya nyumba kuitazama migomba yake. Aligusa majani, aling'oa magugu, akasimama kidogo. Majirani zake wa kijiji cha Kalembe walimcheka. Walisema huyu mwanamke anaziamkia ndizi vizuri kuliko anavyowaamkia mashemeji. Elodie hakujali. Migomba ile ilikuwa ya mama yake.

Kwao, upande wa Masisi, bibi arusi hatoki nyumbani mikono mitupu. Mama yake humchimbulia miche ya migomba shambani mwake, ili akapande kwa mume. Na desturi yao ni hii: mche haushukuriwi. Ukisema asante siku unapoupokea, wazee wanasema hautashika. Unanyamaza, unapanda, unangoja. Mkungu wa kwanza ukikomaa, unakata chane moja, ile safu ya juu ya ndizi, unampelekea aliyekupa. Hapo ndipo unaposema asante.

Siku ya ndoa, Mama Léontine alimtwika Elodie miche mitatu kichwani. Ndizi za migomba hiyo zilikuwa fupi, na shingo zake nyekundu. Zikipikwa na maharage, hata mgonjwa alikula. Elodie alitamani sana kumshukuru mama yake, lakini alifunga mdomo kama desturi inavyotaka. Alijua atasema siku ya chane.

Siku hiyo haikufika. Kabla ndizi hazijakomaa, vita vilipita kijijini kwa Mama Léontine. Watu walikimbia. Mama Léontine aliugua kambini, akafa huko huko, na shamba lake likamezwa na nyasi. Mkungu wa kwanza wa Elodie ulipokomaa, alikata chane akaliweka mezani. Hakuwa na mtu wa kumpelekea. Liliiva, likaoza. Tangu hapo lile neno lilibaki limemkaa kooni, na migomba ile ndiyo kitu pekee cha mama yake alichoweza kukishika kwa mkono.

Sasa fikiria uchungu wake siku alipoona majani ya mgomba mmoja yamegeuka njano.

Kwanza alidhani ni jua. Baada ya muda majani yalilegea na kuning'inia. Ndizi changa zikaanza kuiva kabla ya wakati wake. Elodie alipasua moja akakuta ndani imekuwa ya rangi ya kahawia.

Mume wake, Luc, alikuwa mgodini Omate akichimba madini. Ndiye aliyemnunulia simu kubwa ili wapate kusikiana. Kwa Elodie simu hiyo ilikuwa na kazi moja tu, kumngojea Luc apige. Siku hiyo, kwa kukata tamaa, alifungua Facebook. Akakuta picha ya bwana mmoja mwenye koti jeupe. Bwana huyo aliandika kwamba mgomba ukinyauka, umwagie maji ya chumvi shinani. Maelfu ya watu walikuwa wamempa kidole gumba.

Elodie alimwaga chumvi yote ya nyumbani. Kisha alichukua mupanga wa salongo, yaani ule ambao kundi lao la kulimiana lilikuwa likiupeleka shamba kwa shamba. Alikata majani ya njano kwenye mgomba mgonjwa, akapitia na migomba miwili iliyobaki, ili nayo isafishwe. Alifanya yote kwa upendo, na yote yalikuwa makosa. Haukupita mwezi, migomba yote mitatu ya mama yake ilikuwa ya njano.

Alikwenda dukani kwa Mama Kavuo kununua chumvi nyingine. Mama Kavuo alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo. Aliuza sabuni, mafuta na mega za simu, yaani bando la intaneti, na maneno yake yalikuwa na pilipili kidogo. Alimwuliza Elodie ni ng'ombe wangapi anawalisha chumvi yote hiyo. Elodie alitaka kucheka, machozi yakamtoka. Akamweleza kila kitu, akamwonyesha na yule bwana wa koti jeupe.

Mama Kavuo alitazama picha, akatikisa kichwa.

"Dada, vidole vyote hivi havisemi kama dawa ilifanya kazi," alisema. "Vinasema tu kama batu balipita pale. Huyu muntu iko wapi? Shamba yake iko wapi? Nani alifanya vile akapona?"

Elodie aliitazama tena ile picha. Hakuwa amejiuliza hata swali moja kati ya hayo.

"Na hii simu yako, kazi yake iko tu kungojea bwana?"

Mama Kavuo alimweleza jinsi yeye anavyoitumia yake. Kutengeneza sabuni alijifunza kwa video, na hakuamini ya kwanza, alitazama tatu akalinganisha. Bei za Butembo na Goma anaulizia kwenye kundi la wafanyabiashara. Kisha akamwingiza Elodie kwenye kundi la WhatsApp la wakulima wa Masisi na Walikale. Mle walikuwamo wakulima wa kawaida na Agronome Polycarpe, mtaalamu wa kilimo aliyezunguka vijiji kwa pikipiki.

Elodie alirudi nyuma. Alisema yeye anasoma polepole, na kuandika ndiyo kabisa hajui. Watu watamcheka.

"Basi sema kwa mudomo. Fanya audio," Mama Kavuo alimjibu. "Finya hapa, sema, achilia. Na useme yote, hata chumvi. Muficha maradhi, kilio kitamufichua."

Walikwenda shambani pamoja. Mama Kavuo alimfundisha kupiga picha zinazomsaidia mtu aliye mbali kuona: mgomba mzima, jani kwa karibu, ndizi iliyopasuliwa, shina lililokatwa. Kwenye shina walikuta utomvu wa njano, kama usaha. Alimkataza kuonyesha nyumba yake, njia ya kufika kwake, au kusema kwamba mume hayupo. Kundi lina watu wengi, na si wote anaowajua. Jina la kijiji linatosha.

Elodie alifinya, akasema. Alieleza ugonjwa ulivyoanza na alichofanya, chumvi na mupanga. Mwishoni, bila kupanga, alisema migomba hii ni ya marehemu mama yake, Léontine, na hana mingine.

Jibu la Polycarpe lilifika kabla hawajarudi dukani.

"Mama Elodie, aksanti kwa kusema ukweli. Hii iko ugonjwa ya kunyauka ya ndizi. Dawa ya kumwanga haiko, ya chumvi haiko, hata ya dukani haiko. Lakini kazi ya mikono iko, na inasaidia."

Akaeleza polepole. Ugonjwa unabebwa na mupanga. Ukikata mgomba mgonjwa, kisha ukakata mzima kwa mupanga uleule, umeupandikiza kwa mkono wako. Kwa hiyo, baada ya kila mgomba, mupanga uingie kwenye moto mpaka uwe wa moto kabisa. Shina linalougua likatwe chini kabisa, usawa wa udongo, mara tu linapoonekana. Ugonjwa unabebwa pia na wadudu wanaotembelea lile ua linaloning'inia mwisho wa mkungu. Ndizi zikishatokea zote, ua hilo livunjwe kwa mti wenye panda, lisikatwe kwa mupanga. Na miche isichukuliwe kamwe kwenye shamba lenye ugonjwa.

Zamani Elodie angekimbia kufanya hapohapo. Safari hii alifinya tena. "Agronome, unisamehe. Hii ulifanya wapi? Nani mwingine alifanya?" Mama Kavuo alitabasamu akitazama pembeni. Wakulima wawili walijibu, mmoja baada ya mwingine, wakatuma picha za mashamba yao, wakati wa ugonjwa na baada yake. Hakuna aliyemcheka.

Kisha Elodie aliuliza swali lililokuwa likimchoma. Migomba yake mitatu itapona?

"Hapana, Mama," Polycarpe alijibu. "Yote mitatu imekwisha kuingiliwa. Hata miche ile itaota shinani nayo itanyauka. Kwako lazima ing'olewe. Udongo upumzike nusu mwaka, upande maharage. Pole sana."

Elodie mwenyewe aling'oa migomba ya mama yake. Hakutaka mtu wa kumsaidia. Kila shina lilipoanguka alikaa chini kidogo, kisha akaamka kwa lingine. Jioni aliupitisha mupanga kwenye moto, akapanda maharage palepale. Usiku ule hakula. Hamu ya kumwona mama yake ilimbana upya, kama wiki ile ya msiba.

Asubuhi alikwenda nyuma ya nyumba kama kawaida. Hapakuwa na kitu cha kugusa.

Wiki zilipita. Elodie alizoea kusikiliza kundi wakati wa kupika. Alijifunza nafasi ya kupanda maharage, na namna ya kuyahifadhi yasiliwe na wadudu. Alipoeleza habari ya moto kwenye kundi lao la salongo, wanawake walimwuliza kama anataka kupika mipanga. Aliwasikilizisha audio ya Polycarpe, akawapeleka wakaone pale migomba yake ilipokuwa imesimama. Hawakucheka tena. Tangu siku hiyo, moto mdogo uliwaka pembeni ya kila shamba walilolima, na mupanga ulipita motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine.

Lakini moyo wake haukutulia. Siku moja alichukua picha ya zamani ya ndizi zake, akaituma kwenye kundi. Akauliza kama kuna mtu yeyote mwenye ndizi hii fupi, yenye shingo nyekundu. Siku hiyo kimya. Siku ya pili kimya. Akajilaumu kwa kutafuta marehemu ndani ya simu.

Siku ya tatu mwanamke wa Kibua, upande wa Walikale, alituma audio. Aliitwa Mama Chantal.

"Dada, nilisikia jina Léontine, nikarudilia ile audio yako mara mingi. Léontine muimbaji, mwenye alikuwa anacheka kwa nguvu? Tulikuwa majirani kule Masisi. Wakati niliolewa huku Kibua, mama yangu alikuwa amekwisha kufa. Léontine njo yeye alinitwika miche. Iko bado. Angalia."

Chini yake palikuwa na picha. Elodie aliikuza kwa vidole viwili. Ndizi fupi, shingo nyekundu. Alikaa chini sakafuni, akalia kwa sauti mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Hata hapo hakusahau alichojifunza. Hakusema niletee leo. Alimwomba Polycarpe apite kwanza Kibua alikague shamba la Mama Chantal, naye akalipitia, akakata hapa na pale, akasema ni zima. Elodie alingoja udongo wake umalize kupumzika. Maharage yalivunwa. Ndipo mwendesha pikipiki alipofika Kalembe na miche mitatu iliyofungwa kwenye kipande cha kitenge.

Elodie alishika simu ampigie Mama Chantal. Neno lilimjia mpaka mdomoni. Akalimeza, kwa sababu mche haushukuriwi. Alisema tu kwamba imefika. Upande wa pili Mama Chantal alicheka, maana naye alijua.

Miche ilishika. Elodie aliiamkia kila asubuhi, na majirani wakapata tena cha kumcheka. Luc alipokuja kutoka Omate alimkuta anavunja ua la mgomba wa kwanza kwa mti wa panda, akiimba. Mkungu ulikomaa mwaka uliofuata. Elodie alikata chane la juu, akalifunga kwenye kitenge kilekile, akampa mwendesha pikipiki alipeleke Kibua.

Jioni simu ililia. Ilikuwa audio ya Mama Chantal, na nyuma ya sauti yake sufuria ilikuwa inachemka.

"Elodie, ndizi ilifika. Tuko tunapika. Sasa nikuambie kitu. Mimi pia, chane yangu ya kwanza sikumufikishia mama yako. Barabara ilifungwa, kisha nikasikia alikufa. Miaka yote hii ilinikaa hapa kwa roho. Ile miche nilikutumia, njo chane yangu kwake. Sasa njo saa yako. Sema."

Elodie alitoka nje, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama katikati ya migomba. Alifinya kitufe cha audio. Kwanza simu ilirekodi majani yanavyogusana.

"Aksanti, Mama," alisema.

Akaachilia kidole. Ujumbe ukaenda.